Siku ya Kumi na Nne Haikuwa Yangu

"Kwani huko Dubai hakuna vitanda?"

Mama mkwe aliniuliza hivyo kwa simu, mwaka wetu wa pili ugenini, na nyuma yake nikasikia wanawake wa chama chake wakiangua kicheko. Nami nikacheka ili mazungumzo yaishe salama. Nilipokata simu nilitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, tena na tena, mpaka mwenzangu wa kitanda cha chini akasema, "Nyabo, kaa ama toka." Nyabo kwao Uganda ni bibi. Mimi sijui kukaa. Nikiudhiwa natembea, nikifurahi natembea, na hata ninapoandika haya nimeshainuka mara tatu kwenda kuangalia chai ambayo sijaiweka motoni.

Jibu la kweli ni kwamba vitanda havikuwako, angalau si vya watu wawili. Mimi nililala Al Nahda, kitanda cha juu, katika chumba cha wanawake sita, walinzi wote wa kampuni moja, kwenye jengo ambalo mwanamume asiye fundi bomba hakuruhusiwa kupita lifti. Mume wangu alilala Jebel Ali, kwenye makazi ya wafanyakazi wa maghala, wanaume wanane chumbani. Tulikuwa tumefunga ndoa kanisani kabla ya kuondoka Kenya, na cheti tulikuwa nacho, kimegongwa mihuri mpaka maandishi yamefifia. Lakini kati ya kitanda changu na chake kulikuwa na treni mbili, basi moja na zamu ya saa kumi na mbili. Nilikuwa na miaka thelathini na tano. Nilitaka mtoto, na kila mwezi uliopita bure ulinizidishia hasira.

Tulichokuwa nacho ni Ijumaa. Miaka ile Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko kule, na hata makanisa yalifanya ibada siku hiyo. Rafiki zetu, mume na mke kutoka upande wetu wa nyumbani, walipanga patisheni huko Discovery Gardens: sebule ya nyumba imekatwa kwa mbao nyembamba ikawa vyumba vitatu, kila kimoja na mlango wake na siri zake zinazosikika. Ijumaa asubuhi wao na majirani walikwenda ibadani. Kuanzia saa tatu hadi saa saba nyumba ilikuwa tupu, na ufunguo ulikuwa ndani ya kiatu cha kulia kwenye rafu ya viatu, nje ya mlango.

Hatukuwa sisi peke yetu tulioishi hivyo. Kulikuwa na utaratibu ambao kila mtu aliujua ingawa haukuandikwa popote. Unakuja na shuka lako. Unafungua dirisha kabla ya kuondoka. Unaacha chakula jikoni, kitu cha maana, si mkate wa jana. Na humsimulii mtu. Shuka letu lilikuwa la maua ya samawati. Nililibeba chini kabisa ya mfuko wa kazi, chini ya koti la sare, na siku zote niliogopa kwamba mlinzi mwenzangu atanipekua kama tulivyopekua wengine.

Matokeo yake ni kwamba kanisani hatukuonekana. Kina mama wa kanisa walimwambia rafiki yangu, mwenye chumba, kwamba wanatuombea tupate mtoto, ila maombi yangeshika vizuri zaidi kama tungekuwa tunahudhuria. Rafiki yangu aliitikia amina, huku akijua vizuri tuko wapi saa ile. Alinisimulia jikoni kwake, nikacheka mpaka machozi yakatoka, kisha machozi yakaendelea na kicheko kikaisha.

Shida ilikuwa kwamba kazini kwetu kila mtu aliitaka Ijumaa. Wakristo waliitaka kwa ibada, Waislamu kwa sala ya jamaa, na Wahindu kwa sababu rafiki zao wote walikuwa huru siku hiyo. Ukipata Ijumaa moja kwa mwezi, ushukuru. Mume wangu alikuwa na Ijumaa zote, mimi nilikuwa na moja, na ilibidi niichague barabara.

Ndipo nilipokwenda kumuuliza nesi. Kliniki ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu, na siku hiyo foleni ilifika nje. Nesi alichora duara nyuma ya karatasi ya miadi, akaandika ishirini na nane katikati, akatia alama juu yake. "Siku ya kumi na nne yai linapevuka," alisema. "Hesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi. Mjaribu hapo." Kuuliza si ujinga, lakini kulikuwa na swali la pili ambalo sikuliuliza: siku ya kumi na nne ya nani? Nilikunja duara lile nikalitia ndani ya kava la simu, na kwa karibu miaka miwili nililitii kuliko nilivyomtii msimamizi wangu.

Kila hedhi ilipoanza nilihesabu kwa vidole, nikatafuta Ijumaa iliyo karibu na kumi na nne, nikaenda kuomba. Nikiikosa niliomba ya wiki iliyotangulia, maana niliona heri kuwahi kuliko kuchelewa. Nilibadilishana zamu na watu nisiowapenda, nikawafanyia mikesha yao. Halafu treni ya kijani hadi Union, nyekundu karibu hadi mwisho wa reli, basi, kiatu cha kulia, shuka. Na wiki tatu na kitu baadaye, damu.

Siku damu ilipokuja nilikuwa na desturi yangu. Tulilinda jengo la makazi lenye ghorofa nyingi, na zamu ngumu kuliko zote ilikuwa geti la magari, kwa sababu unasimama nje, juani, na choo kiko mbali. Zamu laini ilikuwa chumba cha kamera, ambako kuna kiti na baridi ya mashine. Tumbo langu siku ya kwanza huniuma vibaya, kwa hiyo mwezi mmoja nilimwomba mwenzangu, Mnepali mpole mwenye watoto wawili kwao, anipe kamera achukue geti. Alikubali. Mwezi uliofuata aliniona nimeegemea nguzo, akaja mwenyewe, kofia kichwani tayari. "Didi, chenji?" Didi kwao ni dada. Hakuniuliza kwa nini, mwezi ule wala miezi iliyofuata. Msimamizi aliandika badiliko lile kwenye ratiba kwa kalamu nyekundu, na mimi nikaenda kukaa mbele ya skrini kumi na sita nikimlaani mume wangu kimoyomoyo.

Ndiyo, mume wangu. Niseme ukweli ulivyo: niliamua kwamba kosa ni lake. Mama yangu alizaa saba, dada zangu wanazaa wakipepewa tu, na mimi natimiza siku ya kumi na nne kama sheria ya jeshi. Nani basi amebaki? Yeye alikuwa mtu wa taratibu, karani wa ghala, siku nzima akilinganisha idadi ya makasha na karatasi. Hata viatu alivua taratibu. Utaratibu huo ndio niliompendea, na mwaka ule ndio ulioniudhi.

Kuna Ijumaa moja siisahau. Msimamizi alinipa siku ya mapumziko bila mimi kuomba, wiki nzima baada ya ile niliyoihesabu mimi. Tukaenda Discovery Gardens hivyo hivyo. Lakini tangu jana yake nilikuwa nimeona ute, mwingi, mwepesi, unaovutika, na mimi nilikuwa na hakika ni ugonjwa. Ulinijia mara kwa mara, na kila ulipokuja nilikwenda duka la dawa nikanunua sabuni ya maji ya kujisafishia na nikajikataza kuguswa. Nikamwambia mume wangu leo hapana, naumwa. Alikubali. Alitandika shuka vizuri, tukakaa juu yake tukala chapati tulizoleta kuwa shukrani, na kwa sababu nilikuwa na uchungu na sina pa kuupeleka, nikasema:

"Hata ningekuwa mzima, kingebadilika nini? Shamba si baya. Mbegu ndiyo haioti."

Alitafuna hadi akamaliza. Akakunja shuka pande nne, akafungua dirisha, akasema, "Twende, askari, watakuwa wanatoka ibadani." Aliniita askari tangu nilipovaa sare kwa mara ya kwanza, kwa mapenzi, na hata siku ile hakubadilisha sauti. Nilitamani anigombeze. Ndani ya basi nilisimama ingawa viti vilikuwako.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata kampuni yake ikamwambia mkataba hautaongezwa. Angerudi nyumbani katikati ya mwezi wa tatu. Wangu ulikuwa na mwaka mmoja na nusu mbele yake, na kuuvunja kulimaanisha kurudi mikono mitupu, wote wawili tukiwa hatuna kazi. Nikahesabu miezi, nikahesabu umri wangu siku nitakayomaliza, na nikaanza kutembea upya mlangoni hadi dirishani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa linauma bila kuwa na kitu.

Aliyenikamata ni yule wa kitanda cha chini. Alikuwa Mganda, Mwislamu, mlinzi kama mimi, mwanamke asiye na haraka. Kila siku kabla ya kulala aliandika kitu kimoja katika daftari dogo lenye jalada la kijani. Jioni ile, baada ya zamu ya mchana, nilikuwa natafuta wa kumchokoza.

"Unaandika nini kila siku? Ratiba ya Mungu?"

"Siku zangu," akasema. "Za hedhi. Juu ya sala na funga. Ramadhani ikiisha, lazima nijue ni ngapi nitalipa."

Alinionyesha. Miaka mitatu ya nukta na mistari midogo, safi kuliko ratiba yoyote ya kampuni yetu. Akageuza kurasa kwa kidole. "Mimi yangu inarudi siku ishirini na sita. Dada yangu, thelathini na moja. Yako iko ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Nani amesema?"

"Nesi."

"Nesi analala ndani ya tumbo yako?"

Nikakasirika. Sikuwa nimewahi kuandika tarehe hata moja. Nilihesabu mbele kila hedhi ilipokuja, kumi na nne, basi, na baada ya hapo nilikuwa nangoja tu. Iliporudi nilijua nimeshindwa, sikutaka kujua ni siku ya ngapi. Yeye hakuniacha. Akauliza kuhusu maji. Yale ya kuvutika, kama nyeupe ya yai bichi, huwa nayaona?

"Huo ni ugonjwa," nikasema. "Nanunua dawa."

Alicheka mpaka akateleza kutoka kitandani akakaa sakafuni. "Nyabo. Nyabo wangu. Hiyo si ugonjwa, hiyo ni siku yenyewe inapiga hodi. Sisi wanawake wakubwa wanatufundisha mapema, lazima ujue ipi inavunja udhu, ipi ni hedhi, ipi ni usafi. Na wewe unaifukuza na sabuni?"

Sikucheka. Nilipanda kitandani kwangu nikainua godoro. Chini yake nilikuwa naweka ratiba zote za zamu tangu siku ya kwanza kazini, kwa sababu kampuni ilikuwa na tabia ya kusahau saa zetu za ziada na mimi nilikuwa na tabia ya kubishana. Nikazitandaza sakafuni, tukapiga magoti sisi wawili, na nikamwonyesha kalamu nyekundu: geti kwa kamera, mimi kwa Mnepali. Kila alama nyekundu ilikuwa siku ya kwanza ya hedhi yangu. Nilikuwa nimeandikiwa daftari miaka miwili, na aliyeliandika ni msimamizi.

Tulihesabu kwa kugusa kila kisanduku. Thelathini na tano. Thelathini na nne. Thelathini na sita. Thelathini na tano. Hakukuwa na ishirini na nane hata moja. Mwenzangu alihesabu upya kwa Kiganda ili ahakikishe, ikawa zilezile.

Siku yangu ya mapumziko iliyofuata nilirudi kliniki, safari hii nikakataa kuhudumiwa na yeyote asiye daktari. Alikuwa mama wa Kisudani, amechoka, lakini alipoona ratiba zangu alivua miwani akaisafisha, akavuta kiti. Alinieleza polepole. Kwa wanawake wengi, alisema, yai hupevuka kama wiki mbili kabla ya hedhi inayokuja, si wiki mbili baada ya ile iliyopita. "Kwa hiyo wewe usihesabu kwenda mbele. Hesabu kurudi nyuma." Thelathini na tano ukitoa kumi na nne ni ishirini na moja. Yai lenyewe halingoji, siku moja ikizidi, limeisha. Mbegu za mwanamume zinaweza kungoja, siku tatu, hata tano. "Mgeni ndiye awahi," akasema, "mwenyeji hufika baadaye na hakai." Ule ute ndio unaomfungulia mgeni njia. Ukiuona, ndizo siku zenyewe.

Kisha akaona uso wangu, akaongeza, "Na hata ukipatia siku, miezi mingi hupita bila kitu. Hiyo nayo si kosa la mtu."

Nilitoka pale nikatembea kituo kimoja kizima cha treni, kwa miguu, juani, kwa sababu nisingeweza kukaa. Nilikuwa na furaha na hasira pamoja. Mara ishirini hivi nilikuwa nimefika mlangoni mapema, nikabisha, nikaondoka kabla mwenye nyumba hajarudi. Na mara moja nilikuwa pale, siku yenyewe, shuka limetandikwa, nikakaa kula chapati na kumtukana mume wangu.

Nilimfuata Jebel Ali jioni hiyo hiyo. Tulikaa kwenye benchi la kituo cha basi nje ya makazi yao, malori yakipita kwenda bandarini, nami nikamwekea ratiba mapajani. Nilimweleza yote kwa kasi, nikiinuka na kukaa. Yeye alifuata kalamu nyekundu kwa kidole kama anavyofuata orodha ya makasha. Akarudia hesabu zote.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe. Wala si mimi, pengine. Ni hesabu."

Lori likapita, jingine likapita. Kisha akasema, "Mimi nilijua si mimi."

Alikuwa amepimwa. Wiki moja baada ya ile Ijumaa ya chapati alikwenda peke yake, akakaa na aibu yake kwenye foleni ya wanaume, akapewa majibu. Alikuwa mzima. Karatasi aliiweka ndani ya kabati lake la chuma, chini ya viatu, na kwa miezi saba hakuniambia neno. Katika miezi hiyo nilikuwa nimemtupia lile neno la mbegu mara nyingine mbili.

"Na ukanyamaza? Ukaniacha nikutukane?"

"Ningekuonyesha karatasi, ungemlaumu nani?" akasema. "Ungejigeukia mwenyewe. Wewe nakujua ukianza. Mimi ningeweza kubeba."

Nimeishi na aibu nyingi, za umaskini na za ugenini, lakini hakuna iliyonishika kama ile. Nilimwomba msamaha pale kwenye benchi, kwa maneno kamili, si kwa kununa na kupika kama kawaida yangu. Alisema, "Khalas, yameisha, askari," akanikunjia ratiba zangu. Halafu akauliza, "Ishirini na moja inaangukia lini?"

Tulikuwa na nafasi mbili kabla ya ndege yake. Ya kwanza ilikuwa mwezi wa pili, na nikapata Ijumaa ya siku ya kumi na nane, na ute ukaja, na sikununua sabuni. Tulifanya kila kitu sawasawa. Siku ya thelathini na sita nikiwa getini tumbo likaanza kunyonga, na Mnepali akaja na kofia yake. "Didi, chenji?" Nilikwenda kukaa mbele ya skrini nikalia bila sauti. Nilimkumbuka daktari, miezi mingi hupita, na nikamchukia kwa kusema kweli.

Ikabaki moja. Kwa ile nilikuwa nimeomba Ijumaa wiki mbili kabla, ikaandikwa, kisha msimamizi akaifuta. Wakaguzi wa zimamoto walikuwa wanakuja, kila mtu awe kazini. "Khalas, hakuna chenji kwa mtu yeyote," alisema. Nilibishana naye mpaka akaniandikia barua ya onyo. Mume wangu alikuwa anaondoka Alhamisi iliyofuata. Ijumaa ikapita nikiwa nimeshika kitasa cha mlango wa dharura, nikiwaonyesha wakaguzi kwamba unafunguka.

Jumatatu nikaona ute. Nilikuwa zamu ya usiku wiki ile. Nikamwandikia mume wangu, "Kesho asubuhi, nikitoka," nikamwandikia mwenye chumba, na yeye akajibu neno moja, "Kiatu." Asubuhi nilitoka kazini na sare mwilini, macho yanawasha, nikasimama kwenye treni zote mbili. Mkoba wangu uligusa magoti ya watu na nilikuwa na hakika kila mmoja anajua ndani kuna shuka la maua.

Mume wangu alikuwa ameshafika, anangoja ngazini na mfuko wa maandazi. Tukafungua. Lakini Jumanne si Ijumaa, nyumba haikuwa tupu. Nyuma ya ubao, chumba cha pili, alikuwa amelala jirani Mfilipino aliyefanya kazi usiku kama mimi. Tulisikia kitanda chake kikilia alipogeuka. Tukabaki tumesimama, viatu mkononi, watu wazima wawili wenye cheti cha ndoa chenye mihuri, tukiogopa kukohoa. Kisha jirani akakohoa yeye, polepole, na redio ikawaka kule kwake, nyimbo za kwao za mapenzi, ikaongezwa sauti kidogo, ikaongezwa tena.

Mume wangu aliziba mdomo kwa shuka asicheke. Sijawahi kumpenda vile. Tulipoondoka tuliacha nusu ya maandazi jikoni na nusu mlangoni kwa jirani.

Alhamisi aliondoka. Sikumsindikiza uwanjani, nilikuwa kazini. Tangu siku hiyo nikawa nahesabu, na kuhesabu si kazi ya mtu asiyejua kukaa. Nilihesabu nikipanda ngazi badala ya lifti. Nilihesabu nikizunguka maegesho, raundi mbili zaidi ya zilizoandikwa. Mama mkwe alipiga simu kusema mwanawe amefika, amekonda, na kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ndiyo mama, nikiwa nimeshafika ghorofa ya tisa. Mwenzangu wa kitanda cha chini hakuniambia tena nikae. Aliandika siku zangu katika daftari lake, ukurasa wa nyuma, pembeni ya zake.

Siku ya thelathini na tano tangu hedhi nilikuwa geti la magari. Mnepali akaja, kofia kichwani. "Didi, chenji?" Nikamwambia bado. Thelathini na sita, bado. Thelathini na saba alichungulia tu kutoka mlangoni, nikatikisa kichwa. Sikupima. Niliogopa kijiti cha kupima mimba kuliko nilivyoogopa damu, kwa sababu damu nilikuwa nimeizoea.

Siku ya arobaini mwenzangu aliniwekea kijiti mkononi, akanisukuma chooni, akasimama nje ya mlango. Ilitoka mistari miwili. Nilimwandikia mume wangu nikiwa bado mle chooni, na jibu likaja kabla sijanawa mikono: "Sasa kaa chini, askari."

Sikukaa. Nilikwenda kazini nimesimama kwenye treni, nikasimama getini, nikafungua kizuizi na kukifunga, magari yakaingia na kutoka. Karibu saa sita jua likawa kali. Mnepali alikuja, kofia haikuwa kichwani, ameishika mkononi.

"Didi, chenji?"

"Hakuna chenji," nikamwambia.

Alinitazama. Nikaona vidole vyake vikihesabu kando ya mguu, taratibu, kile anachojua mtu mwenye watoto wawili. Hakuniuliza kitu. Akageuka akarudi ndani, na nilidhani yameisha. Baada ya dakika chache mlango ukafunguka tena, akatoka kinyumenyume, amebeba kiti cha chumba cha kamera, kile chenye magurudumu, ambacho hakiruhusiwi kutoka nje. Akakiweka kwenye kivuli cha nguzo, akakipangusa kwa kofia yake.

Nikakaa.